Shabiki, staa na simu: nini hutokea kwenye ubongo

Tarehe 27 Februari 2022, Waziri Mkuu wa India, Narendra Modi, aliwasifu redioni vijana wawili wa Kimasai kutoka mkoa wa Pwani, Tanzania: Kili Paul na dada yake Neema. Wamevaa mashuka yao, nyasi na miti ya kijijini nyuma yao, walikuwa wakifuatisha kwa midomo nyimbo za filamu za Kihindi, macho yameelekea kwenye kamera tangu sekunde ya kwanza. Ndani ya miezi michache wakapata wafuasi kwa mamilioni. Mwaka huohuo Kili alipoeleza kwenye Instagram kwamba amevamiwa na watu wenye kisu na fimbo, Wahindi wasiowahi kukanyaga Tanzania walimjazia dua na pole, kama wanaomwombea ndugu yao wa tumbo moja.

Mapenzi ya namna hiyo yapo mkoani Katavi pia. Dereva wa bodaboda anayesubiri abiria stendi ya Mpanda, binti wa sekondari huko Inyonga, mvuvi wa Karema anayeanika nyavu kando ya Ziwa Tanganyika: kila mmoja ana staa wake mtandaoni. Ni nadra staa huyo kufika, maana kutoka Dar es Salaam hadi Mpanda ni zaidi ya kilomita 1,000. Shabiki anamjua kwa bando. Anajua jina la mwanawe, gari alilonunua na mpenzi aliyeachana naye. Staa hamjui shabiki hata kwa sura.

Uhusiano huu wa upande mmoja ulianza kuchunguzwa kabla intaneti haijakuwepo. Mwaka 1956, watafiti wawili wa Marekani, Donald Horton na Richard Wohl, waliandika kuhusu watu waliowaona watangazaji wa redio na televisheni kuwa marafiki wa karibu. Walieleza kwamba mtangazaji anayeongea kwa sauti ya mazungumzo, anayeitazama kamera kana kwamba anamtazama mtu mmoja, humfanya msikilizaji ajisikie amealikwa sebuleni. Wasikilizaji wa Radio Tanzania Dar es Salaam waliotuma kadi za salamu wanaijua hali hiyo. Sauti ya mtangazaji waliyoisikia kila siku ilikuwa sauti ya mtu wa nyumbani.

Sababu ni kwamba ubongo wa binadamu umezoea kujenga ukaribu kwa ishara chache: uso, macho yanayokutazama, sauti unayoitambua na kuonana mara kwa mara. Kwa maelfu ya miaka, aliyekupa ishara hizo zote alikuwa mtu wa kijiji chako. Video ya simu inazitoa zote kwa pamoja, tena karibu zaidi ya jirani, kwa sababu simu inashikwa mbele ya uso, mara nyingi kitandani, taa zikiwa zimezimwa. Shabiki anaweza kujua vizuri kwamba staa hamfahamu, na bado moyo ukadunda anapoona ameposti.

Mtandao umeongeza jambo ambalo redio haikuwa nalo kwa kiasi hicho: staa anaweza kujibu. Akiwa laivu TikTok, mtu akimtumia zawadi iliyonunuliwa kwa koini, huenda akalisikia jina lake likitajwa mbele ya maelfu. Huenda pia asitajwe kabisa, na hapo ndipo mtego ulipo. Katika miaka ya 1990, mwanasayansi Wolfram Schultz alipima seli za ubongo wa nyani zinazotoa kemikali iitwayo dopamini. Aliona seli hizo zinawaka zaidi nyani anapopata tuzo asiyoitarajia, na zinatulia anapoizoea. Tuzo iliyotarajiwa isipokuja, utendaji wa seli hizo unashuka chini ya kawaida. Miongo kadhaa kabla yake, mwanasaikolojia B. F. Skinner alikuwa ameonyesha kwamba mnyama anayelipwa mara moja moja, bila mpangilio, hung'ang'ania kitendo kuliko anayelipwa kila mara. Shabiki anayefungua simu saa nane usiku kuona kama komenti yake imejibiwa yuko kwenye hali inayofanana na hiyo.

Vijana ndio wanaovutwa zaidi. Sehemu ya mbele ya ubongo, inayosaidia kupima madhara na kujizuia, huendelea kukomaa hadi miaka ya ishirini na kitu. Mwaka 2016, watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, waliwaingiza kwenye mashine ya kupiga picha za ubongo vijana 32 wenye umri wa miaka 13 hadi 18. Picha ileile ilipoonyeshwa ikiwa na laiki nyingi, vijana walielekea zaidi kuipenda kuliko ilipokuwa na chache, na walipoona picha zao wenyewe zimependwa sana, eneo la ubongo linalohusika na raha lilichangamka. Matokeo hayo yanasaidia kueleza kwa nini Timu Diamond na Timu Kiba, mashabiki wa wanamuziki Diamond na Ali Kiba, waliweza kurushiana matusi Instagram kwa miaka: kila tusi lilipata laiki za wenzao.

Je, ushabiki ni ugonjwa? Kwa wengi, hapana. Mwaka 2002, mtafiti Lynn McCutcheon na wenzake walitengeneza kipimo cha kumtukuza staa chenye ngazi tatu. Ya kwanza ni burudani na mazungumzo na marafiki, na wengi huishia hapo. Ya pili ni pale staa anapoutawala moyo, shabiki akamuwaza hata asipotaka. Ya tatu iko jirani na maradhi: mtu yuko tayari kuvunja sheria kwa ajili ya staa, au anaamini wana siri ya pamoja. Shirika la Afya Duniani liliuingiza uraibu wa michezo ya video kwenye orodha yake ya magonjwa mwaka 2019, lakini ushabiki uliopitiliza haumo kama ugonjwa unaojitegemea. Hata hivyo, unaweza kuambatana na sonona, wasiwasi au ugonjwa wa kuamini yasiyokuwepo, na hayo yana tiba.

Ngazi ya tatu huleta maafa mara chache, lakini yakitokea ni mazito. Mwimbaji Christina Grimmie wa Marekani, aliyejulikana kupitia YouTube, aliuawa kwa risasi tarehe 10 Juni 2016 mjini Orlando akisalimiana na mashabiki. Alikuwa na miaka 22. Polisi walieleza kwamba muuaji hakuwa na uhusiano wowote naye. Alikuwa amempenda kupitia video.

Kwa mzazi au mlezi wa Mpanda, saa anazotumia kijana kwenye simu peke yake hazisemi yote. Aangalie kilichosukumwa pembeni: usingizi, chakula, daftari, marafiki wa mtaani. Aangalie pesa za ada au za mauzo ya mahindi zinazoishia kwenye koini. Aangalie hasira kali staa anapokosolewa, na zaidi ya yote maneno kama "ananitumia ujumbe kwa nguo anazovaa". Kumnyang'anya simu kwa kipigo humfundisha kijana kujificha. Kinachosaidia ni kukaa naye na kutazama anachotazama, kuzima arifa, simu kulala chumba kingine, na kumrudishia shughuli za watu anaoweza kuwagusa: mpira, kwaya, madrasa, kazi ya mikono.

Dalili zikidumu, hatua ya kwanza ni kituo cha afya kilicho karibu au hospitali ya rufaa ya mkoa mjini Mpanda, ambako mgonjwa anaweza kupewa rufaa ikihitajika. Mtoto anayetishwa au kurubuniwa na mtu wa mtandaoni anaweza kupiga 116, namba ya bure ya huduma kwa watoto. Anayetukanwa au kutishiwa mtandaoni analindwa na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Kabla ya kwenda polisi apige picha ya kioo cha simu yenye ujumbe, tarehe na jina la akaunti, kwa sababu mtumaji anaweza kuvifuta wakati wowote.