SIKU MOJA KWA RAFIKI ZETU WA LUSHOTO

Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Methali hii tunaijua sote. Leo tunaeleza jinsi tulivyokwenda kuwatembelea rafiki zetu, tukajifunza jambo kuhusu gunia.

Ilikuwa Jumamosi. Tulikuwa wanne, mwalimu na wahitimu watatu wa kisomo, kutoka kijiji cha karibu na Mombo, mkoani Tanga. Saa moja asubuhi tulipanda basi dogo. Kutoka Mombo hadi Lushoto ni kilomita zipatazo 33, lakini njia ni ya kona tupu, inapanda milima ya Usambara kupitia Soni.

Huku chini ni joto, mpunga unastawi. Mji wa Lushoto uko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na kuna baridi. Huko vinastawi viazi mviringo, kabichi, karoti na peasi. Ndiyo maana soko lina watu: wa chini ana kitu asichokuwa nacho wa juu, na wa juu vivyo hivyo. Nasi hatukwenda mikono mitupu, tulibeba kilo 5 za mchele. Mama mwenyeji aliupokea akicheka, "Karibuni, mmetuletea Mombo nzima!"

Baada ya chai, mwenyeji wetu alikwenda sokoni kuuza viazi vyake. Tukafuatana naye. Walipatana na mnunuzi shilingi 60,000 kwa gunia la kilo 100. Basi mnunuzi akaanza kujaza. Gunia lilipojaa hakuacha. Alifuma kamba mdomoni mwa gunia, akaongeza viazi, mpaka likawa na kichwa kama mtu aliyevaa kilemba. Hiyo ndiyo lumbesa.

Mmoja wetu akamnong'oneza mwenyeji, "Ndugu yangu, hilo gunia sasa lina kilo ngapi?" Hakujua. Sisi tulisita, kwa sababu mgeni haingilii biashara ya mwenyeji wake. Lakini kunyamaza huku rafiki anapunjwa nako si urafiki. Tukaazima mizani dukani. Kumbe! Kilo 128.

Tukapiga hesabu. Kilo moja ni shilingi 600. Kilo 28 za bure ni shilingi 16,800 kwa kila gunia. Viazi vyake vilikuwa vya kujaza lumbesa tatu.

Mnunuzi alikasirika. "Ukitaka kupima, tafuta mwingine," akasema, akaenda zake. Mwenyeji wetu alinyamaza. Jumatatu mtoto wake alitakiwa shuleni na sare mpya. Alitutazama kama anayetuuliza: mmeniletea mchele au mmeniletea balaa? Toka saa sita mpaka saa tisa hakupatikana mtu. Kwa kweli tuliona haya.

Saa tisa na nusu mama mmoja muuza chipsi alichukua kilo 100 kwa mizani. Mwenzake naye akachukua 100. Mwenyeji akapata shilingi 120,000, sare ikapatikana. Kilo 184 zilibaki. Kwa lumbesa tatu angepata 180,000 na kurudi bila kiazi.

Ndugu msomaji, tukumbuke mambo haya:

1. Sheria ya Vipimo inakataza lumbesa. Gunia la mazao lisizidi kilo 100. Wanaosimamia ni Wakala wa Vipimo.

2. Kupima kuje kabla ya kupatana bei. Kwanza hakikisha mizani tupu inasoma sifuri.

3. Mkulima mmoja akikataa lumbesa, mnunuzi huhamia kwa jirani. Wakikataa wote, atahamia wapi? Kwa hiyo tuuze kwa pamoja.

4. Ukienda kutembea mjini, uliza mapema saa ya basi la mwisho. Mwenyeji asilazimike kukutafutia pa kulala.

Saa kumi na moja tuliagana. Mama alitufungia kabichi mbili na peasi. Mwenyeji alitusindikiza mpaka kituoni, akasema, "Safari ijayo njooni tena, ila mje na mizani yenu!"

ZOEZI: Mwenyeji wetu akiuza kilo 100 nyingine kwa bei ileile, atakuwa amefikia fedha za lumbesa tatu. Je, zitabaki kilo ngapi, na thamani yake ni shilingi ngapi?