Gari la utalii lililorefushwa: Mkulima akague nini kabla ya kulipa

MAGARI yaliyochoka kubeba watalii katika hifadhi za kaskazini hayatupwi. Land Cruiser au Land Rover iliyozoea njia ya Ngorongoro na Serengeti huuzwa na mwenye kampuni anapopata nyingine, na baada ya muda huonekana Mang'ola ikibeba vitunguu, Mbulu ikibeba vitunguu swaumu, au Loliondo ikipeleka unga na sukari mnadani.

Kwa mkulima mwenye shamba lisilofikika kwa gari dogo wakati wa mvua, gari la namna hiyo linavutia. Limekwisha kuinuliwa, limewekwa matairi makubwa, springi zimeongezwa, na mara nyingi lina winchi mbele na tangi la pili la mafuta. Anayeliuza husema gari limekamilika, kilichobaki ni kupakia mzigo tu.

Hapo ndipo mnunuzi anapotakiwa kwenda polepole. Marekebisho hayo yalifanywa kwa ajili ya kazi nyingine. Watalii sita au saba na dereva wao, wakiwa na mabegi, hawafiki hata kilo 800. Magunia 12 ya vitunguu ya kilo 100 kila moja ni kilo 1,200, na kila mfanyabiashara wa vitunguu anajua kuwa lumbesa haiishii kilo 100. Chuma kilichoungwa ili kumpa mgeni nafasi ya kunyoosha miguu sasa kinaombwa kubeba mara moja na nusu ya uzito ule, kwenye barabara mbaya zaidi.

Futi ya fundi kwanza

Jambo la kwanza kujua ni kama chesisi imerefushwa, na kwa kiasi gani. Hili halihitaji kumwamini mtu. Magurudumu yakiwa yamenyooka, pima kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya gurudumu la nyuma. Land Cruiser ya milango ya nyuma, ile ya HZJ78, hutoka kiwandani ikiwa na sentimita 298. Pikapu ya HZJ79 ina sentimita 318. Land Rover Defender 110 ina sentimita 279 na ushee, na ile inayoitwa 130 ina kama sentimita 323. Kinachozidi hapo ni kipande kilichoongezwa gereji.

Pima pande zote mbili. Kulia kukiwa 340 na kushoto 338, ama chesisi iliungwa ikiwa imepinda, ama ekseli imesogea, ama gari lilipata ajali. Gari la namna hiyo hula matairi upande mmoja na halinyooki barabarani hata usukani urekebishwe mara ngapi.

Baada ya hapo ingia chini ya gari na tochi, na ukitafute kiungo. Kiungo kilichofanywa na fundi anayejua kazi huwa kimekatwa kwa mshazari au kwa ngazi, kisha kikaimarishwa kwa bamba la chuma ubavuni, na ncha za bamba hilo zikachongwa ili nguvu isikusanyike mahali pamoja. Kiungo kibaya ni mkato wa wima ulionyooka kama ukuta, uliochomelewa, ukasagwa na kupakwa rangi. Chuma hakipasukii kwenye mchomeleo wenyewe kila mara. Mara nyingi hupasuka pembeni yake, pale moto wa kuchomelea ulipokidhoofisha. Ufa mwembamba kama unywele, wenye kutu inayotoka ndani, unatosha kukufanya urudishe pesa mfukoni.

Rangi nyeusi mbichi chini ya gari lenye miaka 15 ni ya kutiliwa shaka. Anayeuza kwa nia njema huosha chesisi akaiacha ionekane. Magari haya yamepita kwenye matope na vumbi la magadi la kreta ya Ngorongoro kwa miaka, na magadi hayana huruma na chuma. Kwa Land Rover ndiyo usiseme: bodi yake ni ya aluminiamu, hivyo kwa nje inaweza kung'aa huku chesisi ya chuma iliyo chini imekwisha kuliwa. Igonge kwa nyundo ndogo, hasa sehemu ya nyuma na pale mikono ya ekseli inapofungwa. Chuma kizima hulia. Kilichooza hutoa sauti ya debe lenye mchanga.

Kuna kipimo kingine ambacho wauzaji hawakipendi. Omba gari lipakiwe mzigo, kisha tazama mwanya kati ya kabini na bodi ya nyuma. Mwanya ukifunguka juu au milango ikianza kugoma kufunga, chesisi inakunjika katikati.

Kuinuliwa kuna bei yake

Gari refu linahitaji kimo zaidi, vinginevyo tumbo litagusa kila linapovuka korongo. Ndiyo maana magari haya huinuliwa. Lakini gari lililoinuliwa hupinduka kwa urahisi zaidi, na likipakiwa magunia hadi juu ya keria hatari huongezeka. Aliye na shamba kwenye miteremko ya Mbulu alipime hili kwa makini kuliko aliye kwenye tambarare ya Eyasi.

Gari likiinuliwa, propela hukaa kwenye pembe kali zaidi na viungo vyake huisha haraka. Mtetemo unaokuja ukikanyaga mafuta na kupungua ukiachia ni dalili yake. Mipira ya breki nayo huwa imevutika. Inua chesisi kwa jeki hadi gurudumu lining'inie, kisha angalia kama mpira wa breki umekaza kama kamba ya kuanikia nguo. Ukikaza hivyo, siku moja utakatika shimoni.

Kwa Land Cruiser zilizotengenezwa kuanzia mwaka 1999, mbele kuna springi za kuviringa badala ya majani. Zikiwekwa ndefu bila kurekebisha pembe ya ekseli, usukani huwa mwepesi kupita kiasi na gari hutangatanga. Endesha kwenye lami kwa kilometa 70 au 80 kwa saa, na uone kama gari linashika njia bila wewe kulishikilia kwa nguvu.

Matairi makubwa yanadanganya saa ya mwendo. Tairi lenye mzunguko uliozidi kwa asilimia 10 lina maana kwamba saa ikionesha 80, gari liko kwenye 88. Hata kilometa zilizosomeka ni pungufu ya zile lilizotembea. Kilometa zenyewe ni nyingi: Arusha hadi Seronera ni zaidi ya kilometa 300 kwa kwenda tu. Gari lililofanya safari 30 kwa mwaka, kila moja kilometa 800, lilikwenda kilometa 24,000 kwa mwaka, nyingi kwenye vumbi na matuta.

Kuhusu mapambo mengine, winchi ivutwe mbele yako, waya wote utoke na urudi. Bomba la kuvutia hewa juu ya kabini likaguliwe viungo vyake. Likiwa na mwanya, linaingiza vumbi moja kwa moja kwenye injini. Nyaya za friji, redio na chaji za wageni zifuatwe hadi kwenye betri, na zisizo na fyuzi ziondolewe siku hiyo hiyo, maana zinaunguza magari. Paa la kufunguka huvuja, na vitunguu vilivyolowa havina mnunuzi. Haya yote hayamwongezei mkulima hata senti moja, na hapaswi kuyalipia kana kwamba yanamwongezea.

Magari yaliyoegeshwa muda mrefu yana ugonjwa wake. Watalii waliofika nchini walishuka kutoka zaidi ya milioni 1.5 mwaka 2019 hadi kama 620,000 mwaka 2020 kutokana na Uviko-19, na gari lisilo na watalii hukaa tu. Gari lililolala miezi mingi hupata kutu ndani ya tangi, na sili za injini na giaboksi hukauka. Tangi la pili, ambalo madereva wengi hawalitumii, lifunguliwe na kumulikwa.

Ushuru uliosamehewa

Chesisi mbovu inaonekana kwa tochi, lakini deni la ushuru halionekani. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, katika Jedwali lake la Tano, inasamehe ushuru kwa magari yaliyoundwa maalumu kwa kubeba watalii, yakiingizwa na kampuni zenye leseni ya kazi hiyo. Paa la kufunguka ni mojawapo ya sifa zinazotajwa. Msamaha huo umefungwa kwenye kazi ya utalii. Gari likiuzwa kwa mtu asiyestahili msamaha, au likibadilishiwa matumizi, ushuru unadaiwa, na gari linaweza kuzuiliwa hadi deni limalizike.

Kwa hiyo bei nafuu inaweza kuwa nafuu kwa sababu kodi haijalipwa. Mnunuzi aende ofisi ya Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) akiwa na namba ya usajili na namba ya chesisi, pamoja na muuzaji mwenyewe, kabla ya kutoa hata malipo ya awali. Aulize mambo mawili: kama gari liliingia kwa msamaha, na nani atalipa kinachodaiwa. Jibu la pili liandikwe kwenye mkataba. Ahadi ya "tutalimaliza baadaye" ikataliwe.

Namba ya chesisi ilinganishwe na kadi, tarakimu kwa tarakimu, na ya injini vilevile. Magari ya utalii hubadilishwa injini mara kwa mara, na si kila mwenye gari hukumbuka kurekebisha kadi. Anayekusudia kubeba mizigo ya wengine kwa malipo aulizie pia leseni LATRA.

Akiwa na nafasi ya kuchagua, mkulima wa vitunguu atafaidika zaidi na gari lenye urefu wa kiwandani, lililoinuliwa kidogo tu, hata kama lina sura mbaya, kuliko refu lenye kung'aa. Lile refu linamfaa anayebeba abiria na mizigo myepesi kama mboga za majani na vifaranga.

Akilinunua hilo refu, amuulize muuzaji ni gereji gani iliyolirefusha. Propela yake haipo dukani. Ikikatika Mang'ola wakati wa mavuno, italetwa ya kawaida na kurefushwa upya, na fundi atahitaji kipimo kamili. Kipimo hicho kichukuliwe siku ya kununua, gari likiwa bado zima, na kiandikwe kwenye karatasi inayokaa pamoja na kadi.