Makaroni kwa Nyama ya Kusaga na Tui: Chakula cha Usiku Kabla ya Isha

Baina ya adhana ya Magharibi na adhana ya Isha, katika mwambao huu wa Bagamoyo, hupita takriban saa moja na dakika 10. Ni muda mfupi, na katika nyumba nyingi kuanzia Bunju, Mapinga na Kerege hadi mjini kwetu, chakula cha usiku hushindwa kupata nafasi ndani yake. Mama ndiyo kwanza anashuka kwenye daladala baada ya foleni ya Tegeta. Baba yuko msikitini. Watoto wamepewa fedha wakanunue chipsi mayai kwa muuzaji wa njiani. Kila mmoja hula kwa wakati wake na mahali pake, na lile sinia kubwa lililoletwa siku ya harusi hubaki kabatini hadi Idi.

Kamati ya msikiti ambayo mwandishi wa makala haya ni katibu wake imepata kujadili, zaidi ya mara moja, sababu ya akina mama kupungua katika darsa ya baada ya Magharibi. Wajumbe, ambao sote ni wanaume, tulitoa sababu nyingi: kipaza sauti hakisikiki vyema upande wa wanawake, pazia ni fupi, mada haziwagusi. Walipoulizwa wenyewe, jawabu lao lilikuwa neno moja: jiko. Wali wa nazi na maharage na mchuzi wa samaki, ukianza kupikwa baada ya Magharibi, hauwi tayari ila Isha imekwisha kuswaliwa. Kamati ikaamua kuihamishia darsa baada ya Isha. Lakini uamuzi huo hauna faida yoyote kwa mama ambaye saa hiyo bado anakuna nazi.

Kwa hiyo makala haya hayakuandikwa kwa ajili ya kufundisha anasa. Yanaeleza chakula kimoja ambacho mtu mwenye jiko la gesi la plati mbili, au majiko mawili ya mkaa yaliyokwisha kukolea, anaweza kukikamilisha kwa dakika 40: makaroni kwa nyama ya kusaga, yenye uzito wa tui la nazi na ukali wa pilipili mbuzi.

Wako watakaosema kwamba makaroni ni chakula cha Wazungu. Historia haiwaungi mkono. Al-Idrisi, mwanajiografia Mwislamu aliyeandika kitabu chake kisiwani Sicily na kukikamilisha mwaka 1154, alitaja mji wa Trabia, karibu na Palermo, ambako tambi kavu za ngano zilitengenezwa kwa wingi na kupakiwa merikebuni kwenda nchi za Waislamu na za Wakristo. Aliziita itriya, neno ambalo katika Kiarabu lilikuwa la kale hata wakati huo. Huku kwetu Afrika Mashariki, makaroni yalizoeleka mapema zaidi kwa ndugu zetu wa Somalia. Waitaliano waliotawala Mogadishu, Merka na Barawa waliyaleta, lakini wenyeji hawakuyapika Kitaliano. Waliyatia nyama ya kusaga, bizari nyembamba, giligilani, iliki na mdalasini, mchanganyiko wanaouita xawaash, na mpaka leo huyala pamoja na ndizi mbivu pembeni ya sahani. Msomaji asishangae ndizi hiyo. Barawa ni mji ambao lahaja yake ya Chimwini ni tawi la lugha hii hii tunayoiandika, na watu wa pwani wanajua namna utamu unavyotuliza pilipili.

Kwetu tambi zilibaki zaidi katika futari, zikaangwe kwanza, kisha zipikwe kwa sukari, iliki na tui. Ina maana kwamba ulimi wa Mswahili ulikwisha kukubali zamani ngano kukutana na nazi. Chakula hiki kinaondoa sukari na kuingiza nyama, basi.

Na hiyo nyama ndiyo inayohitaji uangalifu kuliko kitu kingine chochote katika sufuria hii. Nyama ya kipande hujieleza yenyewe: paja huonekana kuwa paja, na mafuta huonekana kuwa mafuta. Nyama iliyokwisha kusagwa haina sura. Ndani yake inaweza kuwamo nyama ya juzi iliyochanganywa na ya leo, na mashine iliyotangulia kusaga nyama isiyo halali, ikiwa haikuoshwa barabara, hubaki na mabaki yake kwenye visu. Kwa sababu hiyo usinunue nyama ambayo umeikuta imesagwa tayari, labda kwa mtu unayemfahamu desturi zake. Chagua kipande cha bega au paja, kisicho na mafuta mengi kwa kuwa tui lina mafuta yake, kisha kisagwe mbele ya macho yako. Ukiona mashine ina uchafu, mwombe mwenye bucha aioshe kwanza. Akikasirika, mwache na bucha lake. Nyama ya pakiti inayouzwa katika maduka makubwa ya Dar es Salaam isomwe maandishi yote ya nyuma, pamoja na yale madogo.

Lipo pia suala la afya. Vijidudu katika kipande cha nyama hukaa zaidi juu yake, na moto huviwahi. Mashine huvichukua na kuvisambaza ndani ya nyama yote. Ndiyo maana nyama ya kusaga haraka huharibika, na ndiyo maana haifai kuliwa ikiwa na wekundu ndani. Nyama iliyosagwa saa 3 asubuhi haipaswi kungoja Magharibi juu ya meza katika joto la Bagamoyo. Asiye na friji ainunue jioni ile ile, au anunue kipande kidogo na kukikatakata kwa kisu kikali juu ya ubao hadi kiwe laini, kama walivyofanya bibi zetu kwa ajili ya sambusa kabla ya mashine kufika.

Sasa tui. Katika mapishi ya Ulaya, uzito wa mchuzi wa makaroni hutokana na krimu ya maziwa, ambayo kwetu bei yake haina huruma na ambayo haivumilii safari bila barafu. Nazi inafanya kazi hiyo hiyo na zaidi. Ni kweli kwamba nazi nayo si rahisi tena kama zamani. Wakulima wa ukanda huu wanaufahamu ugonjwa wa kunyong'onyea, unaoua minazi ya pwani yetu na ambao watafiti wa Mikocheni wameshughulika nao kwa miaka mingi. Lakini hapa nazi moja kubwa inatosha watu sita, mradi itumike kwa akili. Ikune, au ununue iliyokunwa kwa mashine sokoni, kisha itie kikombe kimoja cha maji ya vuguvugu, uikamue na kuchuja. Hilo ndilo tui la kwanza. Liweke kando na usiliguse. Rudishia chicha vikombe viwili vya maji, ukamue tena. Hilo la pili ndilo la kupikia. Kazi hii ifanyike kabla ya Magharibi, lakini isitangulie sana, maana tui likikaa muda mrefu katika joto huchacha.

Mahitaji mengine kwa watu hao sita ni nusu kilo ya nyama, gramu 500 za makaroni au tambi, vitunguu maji viwili, nyanya nne zilizoiva, kijiko kimoja cha chakula cha nyanya ya kopo, punje tano za kitunguu saumu, kipande cha tangawizi mfano wa kidole gumba, kijiko kimoja cha chai cha bizari nyembamba na kimoja cha giligilani, vyote vimetwangwa, nusu kijiko cha pilipili manga, kijiti kifupi cha mdalasini, pilipili mbuzi mbili, ndimu, chumvi na vijiko viwili vya mafuta.

Anza na maji. Lita tatu za maji hazichemki kwa dakika tano, na aliyesahau kuyabandika mapema huja kuona nyama imeiva na makaroni hayajaingia. Yafunike, kisha shughulikia jiko la pili. Mafuta yakishika moto, tia nyama peke yake, bila kitunguu. Wapishi wengi hutia vyote pamoja, na matokeo yake nyama huchemka katika maji ya kitunguu na kuwa ya kijivu, isiyo na ladha. Iache itoe maji yake, maji yakauke, kisha ianze kulia ndani ya mafuta na kugeuka rangi ya kahawia. Ivunjevunje kwa mwiko muda wote huo. Hapo ndipo vitunguu maji viingie. Vikilainika, vifuate kitunguu saumu, tangawizi na viungo vyote, ukoroge kwa dakika moja tu ili visiungue. Kisha nyanya, zote mbili, na chumvi kiasi. Usiwe na haraka na nyanya. Ziache zirojeke hadi uone mafuta yamejitenga pembeni, kwa kuwa nyanya mbichi ina uchachu, na uchachu huo ni adui wa tui utakalolitia baadaye.

Mimina tui la pili, na juu yake uweke pilipili mbuzi zikiwa nzima, pamoja na vikonyo vyao. Namna hii ndiyo inayozifaa nyumba zenye watoto. Pilipili ikiwa nzima hutoa harufu yake na ukali kidogo, na mchuzi humfaa hata mtoto wa miaka mitano. Anayetaka moto huipasua kwenye sahani yake mwenyewe. Iwapo nyumba nzima ni ya wapenda pilipili, ipasue moja ndani ya sufuria. Mchuzi utokote taratibu kwa dakika nane.

Wakati huo maji yamekwisha kuchemka. Tia kijiko kimoja cha chakula cha chumvi, kisha makaroni, na uyapike pungufu ya dakika mbili kuliko ilivyoandikwa kwenye pakiti. Kabla ya kuyachuja, chota kikombe kimoja cha maji yale meupe. Maji hayo yana wanga wa ngano, na wanga huo ndio unaouunganisha mchuzi na makaroni visitengane sahanini. Ukisha kuyachuja usiyasuuze kwa maji baridi, desturi ambayo wengi wetu tumeirithi bila kuuliza; kuyasuuza ni kuuondoa ule wanga. Yamimine moja kwa moja ndani ya nyama pamoja na nusu kikombe cha yale maji, ugeuze kwa dakika mbili.

Mwisho kabisa ndipo lije tui la kwanza. Punguza gesi hadi chini kabisa. Kwa mkaa, ipua sufuria uiweke pembeni ya jiko. Mimina tui huku unakoroga kuelekea upande mmoja. Lipate moto, lisichemke. Likichemka kwa nguvu litakatika, mafuta yaelee juu na maji yabaki chini, na ule ulaini wote uliokuwa ukiutafuta utakuwa umepotea. Ndimu isiingie sufuriani kwa sababu hiyo hiyo. Ikatwe vipande na kila mtu akamue mezani. Kama umebahatika kupata majani ya giligilani, yakatekate juu. Chakula kiko tayari, na Isha haijaadhiniwa.

Nani apike? Hapo wajumbe wenzangu walinyamaza kidogo. Chakula hiki hakina siri ya urithi kama pilau. Kijana wa miaka 14 akioneshwa mara mbili anakimudu, na baba yake vivyo hivyo. Bi Aisha (r.a.) amesimulia, katika Hadithi iliyopokewa na Bukhari, jinsi Mtume (s.a.w.) alivyokuwa akishughulika na kazi za nyumbani mwake hadi unapoingia wakati wa swala. Mwenye kurudi kutoka swala ya Magharibi akaketi barazani kungoja kuitwa chakula, hali mkewe amefika nyumbani dakika ile ile, hana hoja ya kidini ya kujifichia.

Ikitokea sinia limekwisha kuwekwa mkekani na muadhini anaadhini, kusiwe na ugomvi. Fiqhi imelishughulikia jambo hili kwa kutegemea Hadithi zilizomo katika Bukhari na Muslim: aliyeandaliwa chakula na nafsi yake inakihitaji ale kwanza kwa utulivu, kisha aswali, ili moyo wake usibaki sufuriani. Ruhusa hiyo ni ya anayepatwa na hali hiyo mara moja moja. Kuifanya ratiba ya kila siku ni jambo jingine.

Kikibaki chakula, kisiachwe chini ya kawa hadi asubuhi, kwa kuwa chakula cha tui hakilali vizuri katika joto letu. Kiingie kwenye friji mara kinapopoa, au kipelekwe kwa jirani usiku ule ule kingali na moto wake, pamoja na kipande cha ndimu na ile pilipili mbuzi moja ambayo haikupasuliwa.