Mkweche unaoucheka una historia yake

Umekwama kwenye foleni Barabara ya Jogoo, macho yote kwa simu. Hebu inua kichwa. Huenda kando yako kuna Peugeot 504 na hujaiona.

Utaitambuaje ndinga ya zamani? Anza na nambari ya usajili. Ikiwa ni herufi tatu na tarakimu pekee, bila ile herufi ya mwisho, ilisajiliwa kabla ya mfumo wa sasa, pengine kabla hujazaliwa. Kisha tega sikio. Volkswagen Beetle hunguruma kutoka nyuma kwa sababu injini iko huko, tena hupozwa kwa hewa, si maji.

Usiseme ni mkweche tu. Peugeot 404 ilishinda Safari Rally mara nne: 1963, kisha mfululizo 1966 hadi 1968. Nayo 504 ilibeba abiria wa safari ndefu kabla ya matatu za Nissan kutawala barabara.

Na mbona ujali? Kwa kawaida gari lililotumika haliruhusiwi kuingizwa nchini likizidi miaka minane. Iliyopo ikishauzwa kwa kilo, kupata nyingine ni kibarua.

Kwa hivyo ukiiona, usikimbilie kamera. Msalimu mwenyewe: "Habari, mzee? Naweza piga picha?" Muulize aliinunua lini na imemfikisha wapi. Wengi watafurahi kukusimulia.

Na ile iliyofunikwa turubai nyuma ya nyumba ya babu? Muulize mapema, kabla mnunuzi wa vyuma hajabisha hodi.