MDUDU KANTANGAZE KATIKA BUSTANI YA NYANYA

Mtu apandaye nyanya nyuma ya nyumba yake hutazamia mboga ya watoto na fedha kidogo za daftari. Lakini wengi huona majani yamekauka kama yaliyounguzwa na moto, na matunda yametobolewa. Wengine husema ni jua, wengine husema ni udongo. Mara nyingi sivyo. Kazi hiyo ni ya mdudu aitwaye kantangaze.

Asili yake ni Amerika ya Kusini. Mwaka 2006 alionekana Hispania, na mwaka 2014 alionekana Tanzania na Kenya. Mzazi wake ni nondo mdogo wa rangi ya kijivu, urefu wake kama milimita 6 tu, naye huruka jioni na alfajiri. Jike mmoja aweza kutaga mayai hata 260, hasa juu ya majani. Viwavi wakianguliwa huingia ndani ya jani, wakala nyama yake wakaacha ngozi tupu. Kisha hutoboa matunda. Penye joto, tangu yai hata nondo ni kama mwezi mmoja.

Ndiyo sababu dawa za dukani hushindwa mara nyingi. Kiwavi amejificha, dawa haimfikii. Tena vizazi vyake hufuatana upesi, nao wamekwisha kuzoea dawa nyingi. Basi mtu huongeza dawa, fedha zikaisha, na sumu ikabaki juu ya nyanya zitakazoliwa na watoto wake. Yafaa kufuata njia hizi:

Kwanza, kagua miche kila siku mbili. Chuma kila jani lenye mabaka meupe na kila tunda lililotobolewa, ukayachome moto au kuyafukia chini sana. Usiyatupe kando ya bustani, maana nondo watatoka humo.

Pili, tumia mwarobaini. Twanga gramu 500 za kiini cha kokwa zilizokauka, loweka katika lita 10 za maji usiku kucha, chuja kwa kitambaa, tia sabuni kidogo. Nyunyiza jioni, juu na chini ya majani, kwa kuwa jua kali huondoa nguvu yake. Rudia kila siku 7, na tena baada ya mvua. Dawa hii haiui papo hapo. Humzuia kiwavi asile wala asikue. Kwa hiyo ianze mapema, kabla mabaka hayajaenea.

Tatu, usiku weka taa juu ya beseni la maji ya sabuni, mbali kidogo na miche. Nondo hufuata mwanga wakazama.

Nne, mavuno yakiisha ng'oa mashina yote uyachome. Msimu ufuatao panda mahindi, vitunguu au kabichi mahali pale. Si viazi mviringo, bilinganya wala mnavu, maana hizo ni za jamaa moja na nyanya, na mdudu huishi humo.

Lakini nondo ana mabawa, hajui mpaka wa shamba. Mmoja akisafisha bustani yake na jirani akaacha mashina yaoze, kazi ni bure. Wakubwa wa vijiji na walimu wenye bustani za shule wafanye shauri, watu wasafishe kwa siku moja. Kidole kimoja hakivunji chawa.