Msiishie Pakwach: mzunguko wa West Nile kwa kundi zima

Makundi mengi yanayotoka Kampala kwenda kutembea kaskazini huishia Pakwach. Wameshaona maporomoko ya Murchison, wameshaona tembo, wananunua angara, wale samaki waliopasuliwa na kukaushwa, kisha dereva anageuza gari. Inaniuma kila nikiona, kwa sababu daraja la Pakwach ndilo mlango wenyewe wa West Nile.

Aisilandi walikamilisha barabara yao ya kuzunguka kisiwa mwaka 1974. Ina zaidi ya kilomita 1,300, na marafiki wanaokodi gari pamoja huifuata mpaka wakarudi walikoanzia bila kupita njia moja mara mbili. West Nile haina bahari, lakini mzunguko inao: Karuma, Pakwach, Nebbi, Arua, Koboko, Yumbe, Moyo, feri ya Laropi, Adjumani, Atiak, Gulu. Mashariki imepakana na Nile. Magharibi imepakana na mgongo wa ardhi ambao wengi huupita wakiwa wamelala garini.

Msilale. Pakwach iko kwenye mita 620 hivi juu ya usawa wa bahari. Arua iko karibu mita 1,200. Barabara inapanda ukingo wa Bonde la Ufa la Magharibi, joto linapungua, na masikio yanaziba kidogo. Mkifika sehemu za Vurra na Logiri, nchi ya Walugbara kusini mwa jiji la Arua, ombeni dereva asimame, mshuke. Mvua inayonyesha upande wa mashariki wa mgongo huu huteremka kwa vijito hadi Nile, ikapita Sudan Kusini, Sudan na Misri mpaka Mediterania. Inayonyesha upande wa magharibi huingia mito ya Kongo na kuishia Atlantiki. Matone mawili ya wingu moja, bahari mbili.

Waingereza na Wabelgiji walipogawana nchi hii, waliufuata mgongo huo huo kuwa mpaka. Ndiyo sababu mpaka huu hauna mto wala safu ya milima ya kuutambulisha: ni miinuko ya kawaida, mashamba ya muhogo huku, mashamba ya muhogo kule, na Walugbara pande zote mbili. Mwenye kuelewa hilo hashangai kusikia Kilugbara, Kiswahili na Kilingala katika soko moja la Arua.

Na kabla ya hapo? Mwaka 1894 Uingereza ilimkodishia Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji nchi hii, iliyoitwa Lado, kwa muda wa uhai wake. Alifariki Desemba 1909. Lado ikarudishwa Sudan mwaka 1910, na West Nile ikaingia Uganda mwaka 1914. Katika miaka ile ya mwisho wawindaji wa pembe za ndovu walijimwaga humu, na Januari 1910 alifika Theodore Roosevelt, rais mstaafu wa Marekani, pamoja na mwanawe Kermit. Walipiga kambi kando ya Nile na kuua vifaru weupe tisa kwa ajili ya jumba la makumbusho la Smithsonian. Rhino Camp, mashariki mwa Arua, bado inabeba jina la wanyama ambao hawapo tena. Wale walikuwa vifaru weupe wa kaskazini. Dume wa mwisho wa jamii hiyo, aliyeitwa Sudan, alikufa katika hifadhi ya Ol Pejeta, Kenya, Machi 2018. Wamebaki majike wawili tu, Najin na Fatu.

Kutoka Arua mnaelekea kaskazini hadi Koboko, ambako Uganda, Kongo na Sudan Kusini zinakutana. Chukueni vitambulisho, ulizeni ofisi za serikali kabla ya kwenda mpakani, na kamera ziwekwe mbali na askari na madaraja. Yumbe mtapita kando ya Bidi Bidi, makazi yaliyofunguliwa mwaka 2016 kwa wakimbizi wa Sudan Kusini, yenye watu zaidi ya 200,000. Nunueni chakula sokoni, zungumzeni na watu. Kupiga picha za watoto wa wenyewe kupitia dirisha la gari ni utovu wa adabu, na kiongozi wa msafara alikataze mapema.

Baada ya Moyo barabara inashuka milima ya Metu hadi Laropi, na hapo Nile inaonekana yote, pana, mafunjo kando. Karibu na hapo ni Dufile, iliyokuwa ngome ya Emin Pasha, gavana wa jimbo la Equatoria. Mahandaki yake ya udongo bado yanaonekana. Baadhi ya askari wake wa Kisudani walichukuliwa na Lugard, afisa wa Kiingereza, mwaka 1891, na wajukuu zao ni miongoni mwa Wanubi wa Arua na Bombo wa leo. Mbele kidogo, huko Nimule upande wa Sudan Kusini, mto unakata kona kwa ghafla kwa sababu unakutana na ufa wa kale wa Aswa kwenye miamba.

Tengeni siku tano, zikipungua mtakuwa mnahesabu kilomita tu. Mweka hazina awe mmoja. Feri ya Laropi ifikieni mchana. Ulizeni habari za njia kabla ya kuondoka: mwaka 2024 daraja la Karuma lilifungwa miezi kadhaa kwa matengenezo, na magari madogo yakapitishwa ndani ya hifadhi ya Murchison.

Mkirudi, laleni Gulu, asubuhi mpitie Ziwa, hifadhi ya vifaru ya Nakasongola. Vifaru waliopo huko ni weupe wa kusini. Wa kwanza waliletwa kutoka Kenya mwaka 2005, wengine kutoka Marekani, maana Uganda ilikuwa imewamaliza wa kwake tangu miaka ya 1980. Mtatembea kwa miguu na askari wa wanyamapori hadi mita chache kutoka kwa mnyama anayekula majani.