Hewa Baridi kwa Injini za Kitale na Bungoma

Injini ya petroli huhitaji takribani kilo 14.7 za hewa ili kuchoma kilo moja ya mafuta. Hewa baridi ni nzito kuliko ya moto: joto likishuka kwa nyuzi 3, uzito wa hewa huongezeka kwa karibu asilimia 1. Kwa hiyo wapenda kasi hung'oa boksi la filta lililokuja na gari na kufunga paipu inayovuta hewa mbali na injini iliyochemka, aghalabu nyuma ya bampa au ndani ya madigadi.

Kitale iko kama mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, Bungoma kama mita 1,400. Kwa kimo cha Kitale hewa ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa zaidi ya asilimia 15, na hakuna paipu inayoweza kurudisha pengo hilo. Injini isiyo na turbo huhisi upungufu huo moja kwa moja. Yenye turbo hufidia kwa kuizungusha turbo kwa kasi zaidi, na hapo filta iliyoziba huiumiza mara mbili.

Subaru Impreza, gari linalopendwa sana na vijana wa Kenya, tayari huvuta hewa yake kutoka nje ya joto la injini. Anayetoa boksi hilo na kuacha filta yenye umbo la pia ikiwa wazi chini ya boneti amebadilisha hewa baridi kwa hewa ya moto. Kinachoongezeka ni mlio, nao huuzwa kama nguvu.

Adui mkubwa zaidi ni vumbi. Kati ya Desemba na Februari barabara za murram za Trans Nzoia, kaunti iliko Kitale, hupeperusha unga mwekundu, na upande wa Bungoma matrekta ya miwa humwaga udongo juu ya lami. Chembe zikipita filta hukwaruza silinda na kula mapanga ya turbo. Filta ya pamba yenye mafuta hupitisha hewa kwa wepesi, lakini ikipakwa mafuta kupita kiasi huchafua sensa inayopima hewa, na taa ya injini huwaka. Ya karatasi nzuri, ndani ya boksi lililofungwa kabisa, hukamata vumbi vizuri zaidi. Njia ya kupima ni rahisi: baada ya safari ya murram, paipu ifunguliwe baada ya filta, ndani ipanguswe kwa kitambaa cheupe. Kikitoka na wekundu, filta hiyo haifai, hata ikiwa na jina kubwa.

Maji nayo yana hatari yake. Mdomo wa paipu ukiwa chini ya bampa, dimbwi moja la msimu wa masika linaweza kuingiza maji kwenye silinda na kupinda fimbo za pistoni. Timu za Safari Rally zililijua hilo: Impreza ya Colin McRae, mshindi wa 1997, ilifungwa bomba lililopanda kando ya kioo cha mbele.

Mnunuzi aanze na namba ya chesisi, si jina la gari. Paipu ya Impreza ya turbo moja haiingii kwenye Legacy ya turbo mbili. Kipenyo cha mahali sensa inapokaa kiwe kilekile cha awali. Kikipanuka, kompyuta ya injini husoma hewa pungufu na kuinyima injini petroli, jambo linaloweza kutoboa pistoni. Tundu la hosi ya hewa inayorudi kutoka turbo nalo liwepo.

Kwa gari la kila siku kati ya Kitale na Webuye, boksi la awali na filta mpya ya kiwango vinatosha. Paipu ya hewa baridi ifungwe pale tu injini itakaporekebishwa kompyuta yake pia, na iwe ya boksi lililofungwa.